Mzigo wa Bonifasi

Siku Bi Mwanne alipotokea kwenye kijiwe cha mashabiki wa Kasia, nyuma ya soko la Ujiji, muuza kahawa alisahau birika mkononi na kahawa ikammwagikia mteja kwenye ndara. Mwanamke kufika pale haikuwa haramu. Ilikuwa tu haijawahi kutokea. Na hata kama ingetokea, hakuna aliyedhani angekuwa huyu, ambaye kila timu hiyo ilipofungwa alisimama dirishani kwake na kuuliza, kwa sauti ya kufika mtaa wa tatu, kama wachezaji wanakula chakula au wanakiangalia tu.

"Shikamoo, Bi Mwanne," vijana walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Kaeni, sikuja kutangaza msiba."

Khamisi Mrisho, mwenyekiti wa mashabiki, alimpisha kwenye benchi. Alikuwa mtu wa tai moja na maneno mengi, lakini jioni ile maneno yalikuwa yamemwishia. Kasia ilikuwa na mechi Kasulu, ugenini, na mwenye lori aliyezoea kuwapeleka mashabiki alikuwa amekataa. Mwaka ule mvua, ile iliyoitwa Elinino, ilikuwa imeigeuza barabara uji mwekundu. Wachezaji walishapata gari dogo la kuwapeleka. Mashabiki wangebaki Ujiji kusubiri uvumi.

"Nasikia mnalilia lori," alisema Bi Mwanne. "Baiskeli zenu zimekufa?"

"Kasulu kwa baiskeli?" Khamisi alicheka kwa adabu. "Mama, ni karibu kilomita mia. Na ile milima?"

"Wauza mawese wanaipanda kila wiki na madebe nyuma. Nyinyi mna matumbo tu ya kubeba." Alingoja wamalize kucheka. "Nendeni kwa baiskeli, na msiende mikono mitupu. Karibu na Kasulu kuna kambi ya wakimbizi. Kuna watoto wanazaliwa mle kwenye matope, hawana hata kitambaa. Kila mwenye baiskeli apite mtaani kwake, apewe sabuni, nepi, nguo kuukuu. Mpira ukiisha mnapeleka. Mtakuwa mashabiki wa kwanza mkoa huu kwenda ugenini na kufanya jambo la maana."

Khamisi alinyoosha tai. "Unadhani redio itatutaja?"

"Isipowataja, nitawataja mimi. Nasikika kuliko redio."

Ndipo Faridi, kijana mmoja mwenye mdomo usio na breki, akatia lake. "Lakini Bi Mwanne, tangu lini wewe unawapenda Warundi? Si wewe uliyesema kwenye harusi ya mwanao Nuhu kwamba pilau limenuka kuni za shamba?"

Muuza kahawa alitazama makaa yake. Bi Mwanne hakugeuka. Alikuwa akikitazama kikombe alichopewa, ambacho hakuwa amekigusa.

"Tangu mjukuu wangu awe mmoja wao," alisema.

Kisa chenyewe wote walikijua, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Nuhu, mwanawe wa pekee, fundi baiskeli, alikuwa amemwoa Kaneza, binti wa Warundi waliokuwa wakilima ng'ambo ya Kidahwe tangu mauaji ya mwaka sabini na mbili. Binti alizaliwa hukohuko. Burundi alikuwa akiisikia kwa wazee tu. Mimba ilipokuwa kubwa, Bi Mwanne alisema neno ambalo kila mama mkwe wa Ujiji hulisema: mzazi wa kwanza hulelewa kwao. Mama yake ndiye amkande kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, amtoe arobaini. Hakuna aliyeona kosa. Alimfunga mwenyewe kifurushi, akamsindikiza mpaka njia panda. Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba aliporudi nyumbani alipumua. Hakutaka kuukanda mwili wa msichana ambaye hakumchagua.

Kisha askari walikuja ng'ambo ya Kidahwe na malori, alfajiri, kuwakusanya Warundi wote waliokuwa wakiishi nje ya kambi. Hawakuuliza nani kaolewa na nani. Laiti Kaneza angekuwa Ujiji, nyumbani kwa mumewe, hakuna ambaye angekuwa na habari naye. Nuhu alifika kambini mara mbili, na mara mbili alirudishwa getini. Hapa haingii mtu na shida zake, aliambiwa. Wanaoingia ni wenye misaada.

*

Mashabiki walijiandikisha kwa kelele, na kazi ya kukusanya ikamwangukia aliyeianzisha. Bi Mwanne alizunguka na kapu kutoka Ujiji mpaka Katubuka. Alikuwa mwanamke wa kupewa salamu kwa heshima, mjane wa mfanyabiashara, mjukuu wa watu waliotoka Manyema na misafara wakajenga nyumba za ghorofa ya udongo. Sasa alisimama milangoni. Wengine walitoa kwa moyo, mche mzima wa sabuni, kanga iliyokunjwa. Wengine walitoa kama wanavyotoa kwa ombaomba, mkono ukitokea dirishani bila uso.

Huko Gungu shoga yake wa zamani, Asia, alimkalisha, akampa maji, akampa kipande cha sabuni chembamba kama ulimi, na unywele umeganda juu yake.

"Si unajua hali, shoga yangu. Na wale hawachagui."

Bi Mwanne alikipokea kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie. Nitawaambia unywele ni wako, wakuombee usikatike."

Alitoka akicheka. Alipofika kona alikaa juu ya jiwe, akauondoa ule unywele taratibu kwa ukucha, na hakucheka tena.

Nyumbani alimkuta Nuhu akiwa ameinama juu ya gurudumu. Karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yao wenyewe, lakini tangu malori yapite Kidahwe alikuwa akizungumza na mama yake kama fundi na mteja.

"Nimeandikisha jina langu," alisema Bi Mwanne.

"Kwenye nini?"

"Safari."

"Mama, wewe hujui kuendesha baiskeli."

"Kwani magunia yanajua? Si yanafika?"

Nuhu aliendelea kukaza spoki. "Mimi sikubebi."

"Sikukuomba."

"Nikikubeba nitakuangusha." Alisema polepole, akitazama gurudumu lizunguke. "Sitakusudia. Lakini kilima kikifika nitakumbuka, na mikono itaachia."

Bi Mwanne alitaka kusema kwamba ile ilikuwa mila, kwamba na yeye alilelewa kwao, kwamba hata mama yake alilelewa kwao. Aliyameza yote. "Basi kaza hiyo spoki," alisema, "usije ukaniangusha hata nikiwa kwa mwingine."

Aliyekubali kumbeba alikuwa Bonifasi, Muha wa Kasulu aliyeishi kwa kushusha maharage na kupandisha mawese. Baiskeli yake ilikuwa Foniksi nyeusi iliyoongezewa vyuma kila mahali, na keria pana kama kitanda cha mtoto. Alimzunguka Bi Mwanne mara moja, akimpima kwa jicho.

"Madebe manne," alisema. "Lakini debe halisemi."

"Na mimi nitajaribu," alisema Bi Mwanne.

*

Walitoka Ujiji baada ya swala ya alfajiri, baiskeli ishirini, kila keria imefungwa furushi kwa mipira ya tairi, na moja imefungwa Bi Mwanne, kwenye baibui lake jeusi la kizamani, lile la kuteremsha mtandio mpaka kidevuni. Watoto walikimbia nyuma wakiimba nyimbo za Kasia. Khamisi alitangulia na bendera ya kijani iliyomgonga usoni kila upepo ulipogeuka.

Mpaka Mwandiga walikuwa mashabiki. Baada ya hapo walikuwa watu kwenye matope. Udongo mwekundu uliingia kati ya tairi na chuma ukaganda, wakashuka, wakachokonoa kwa vijiti, wakapanda, wakashuka. Mvua ilikuja kwa vipindi, kila kimoja kikubwa kuliko cha kwanza.

"Mama, debe halijiinamishi kwenye kona," alisema Bonifasi. "Wewe unajiinamisha. Unatuvuta mtaroni."

"Naogopa."

"Debe haliogopi."

"Debe lina mtoto?"

Bonifasi alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Baadaye, walipokuwa wakisukuma, alisema bila kugeuka, "Mimi pia nina dada aliyeolewa kwa Warundi. Simo kwa ajili ya mpira."

Walipovuka Kidahwe, njia ilipita katikati ya kijiji ambacho hakikuwa na watu. Milango ilikuwa imeondolewa, na bati pale palipokuwa na bati. Kwenye dimbwi la kulowekea muhogo, muhogo bado ulikuwa majini, umeoza, na harufu yake ilikaa barabarani kama mtu anayengoja. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama ndani ya jiko la mtu. Wimbo wa Kasia ulikufa wenyewe mdomoni mwa Faridi.

Nuhu alilaza baiskeli yake njiani, akaenda mpaka kwenye nyumba moja yenye mgomba mlangoni. Hakuingia. Alisimama akaitazama mpaka Khamisi akaanza kukohoa. Bi Mwanne alishuka kwenye keria, akamfuata, akasimama hatua chache nyuma yake. Aliijua nyumba. Alifika siku ya posa, akaketi kwenye mkeka bila kula.

"Hapa ndipo ulipomleta," alisema Nuhu.

"Ndiyo."

"Ukasema atakuwa salama."

"Sikusema salama," alisema Bi Mwanne. "Nilisema ni kwao. Kusema salama sikukumbuka."

Alirudi kwenye baiskeli peke yake. Walilala kwenye darasa la shule moja huko milimani, wanaume upande mmoja na yeye nyuma ya meza ya mwalimu, na siku ya pili wakaingia Kasulu wakiwa na rangi moja, watu na baiskeli na bendera.

*

Kuhusu mpira hakuna mengi. Wenyeji waliimba kwamba Kasia wamekuja na bibi yao aje kuwafungia mabao kwa kombe, yale maji ya kuoshea maandishi ya aya, na Bi Mwanne aliwapungia mkono, ikawaudhi. Yeye aliomba dua moja tu, kwamba asishinde mtu. Kasia ikishinda, wenyeji wangerusha mawe. Ikishindwa, mashabiki wake wangeona aibu na kutaka kurudi nyumbani kwa njia ya mkato, bila kupita kambini. Mechi iliisha bila bao. Uwanja mzima ulitoka umenuna, isipokuwa yeye.

Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye geti la kambi.

Mkuu wa geti aliitwa Dismasi, kijana wa miwani na koti la mvua, mwenye sauti ya mtu ambaye amesema neno lilelile tangu mvua zianze. Alisoma kibali cha misaada walichopewa Kasulu, akatembea kando ya baiskeli akiwagusa mabega mmoja mmoja.

"Wanaume ishirini. Mama mmoja wa keria. Mtatoka hivyohivyo. Akipungua mtu au akizidi, kibali kinafutwa na nyote mnajieleza polisi. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, mheshimiwa," alisema Khamisi, na akaanza hotuba. Dismasi alikuwa ameshaondoka.

Bi Mwanne alimkimbilia kwa hatua za matope, akamshika mkono wa koti. "Mwanangu, samahani. Kuna mke wa mtu mle. Mume wake ni raia, huyu hapa, ni mwanangu. Ana kichanga."

Dismasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa ikiwa chafu vilevile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amechoka mno hata kuwa mbaya. "Wapo wengi, mama. Wake wa raia, waume wa raia. Majina yao yanakusanywa. Kamati itakaa mwezi ujao, barabara ikipitika."

"Na isipopitika?"

"Mwezi utakaofuata."

Walitafuta kwa kuuliza. Vibanda vilikuwa vya miti na maturubai ya plastiki, safu kwa safu kama makaburi yaliyopangwa na mtu mwenye haraka. Mwisho wa safu moja mwanamke mtu mzima aitwaye Ntakarutimana, msimamizi wa safu ile, aliwatazama Nuhu na mama yake, akasema tu, "Mmechelewa," akainua pazia.

Kaneza alikuwa amekaa juu ya majani makavu, amejifunga kitenge kimoja, mtoto kifuani. Nuhu aliingia kwa magoti, akaweka paji la uso kwenye mguu wake. Kaneza alimshika nywele. Macho yake yalikuwa kwa Bi Mwanne.

"Karibu, mabukwe," alisema. Ndivyo Warundi wamwitavyo mama wa mume, na hata kwenye nyumba ile ya plastiki ulikuwa ni ukaribisho wa mtu mwenye nyumba. "Sina cha kukukalisha."

"Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

"Alinikanda mpaka siku tumbo lilipomshika. Maji ya hapa." Alisema kwa sauti bapa. "Yuko kule nyuma, na wengine. Walimvisha kanga uliyonifungia kwenye kifurushi."

Bi Mwanne alikaa chini. Alimchukua mtoto, akafunua. Alikuwa wa kike. Alikuwa mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa, midomo mikavu, anahema kwa kurukaruka. Bi Mwanne alikuwa amelea, alikuwa amezika. Alitia kidole chake kinywani mwa mtoto na akangoja avute. Alivuta mara moja, akasahau.

"Maziwa?"

"Yalikuja, yakakatika. Hakuna wa kunipikia, mabukwe. Kuni zi mbali, nikimwacha analowa."

"Zahanati?"

"Wanasema ale mama." Kaneza alitabasamu kidogo, na tabasamu hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Nuhu aliinua kichwa. "Namtoa. Naweka wote wawili kwenye keria sasa hivi."

"Na yule wa miwani atahesabu," alisema Ntakarutimana kutoka mlangoni. "Akizidi mtu getini mnakamatwa. Na hapa ndani asubuhi wanahesabu pia, kibanda kwa kibanda. Akipungua mtu, safu nzima inanyimwa mahindi mpaka apatikane. Mimi simkatazi kwenda. Ila nina watoto wa watu wengi kwenye safu hii."

Mvua ilianza kupiga plastiki. Bi Mwanne alikuwa bado na kidole kinywani mwa mtoto. Aliwatazama wote watatu, akamrudishia Kaneza mwanawe, akaanza kuvua baibui.

"Mama, unafanya nini?" aliuliza Nuhu.

"Aliingia mama mmoja wa keria, atatoka mama mmoja wa keria. Kichanga hakihesabiwi kama hakionekani." Alilikung'uta lile baibui, matope yakaruka. "Kaneza, simama. Ni pana, litawafunika wawili na nafasi ibaki."

Kaneza hakusimama. "Mabukwe, arobaini yangu haijaisha."

"Utaimalizia kwangu. Chumba changu, si cha uani. Yupo Asia wa Gungu, atakukanda, mwambie nimemwamuru. Na sabuni asilete yake."

"Ukijulikana watakufunga."

"Watanifunga wapi? Si tayari nimo ndani?" Alicheka, akamwinua, akaanza kufunga kamba za baibui kwenye kiuno cha mkwe wake. Ulikuwa mwili mwembamba, mbavu zinahesabika. Bi Mwanne aliupitishia viganja kutoka mabegani mpaka nyongani, akikaza hapa, akilegeza pale, na ikawa kama anamkanda. Ilimchukua muda mrefu kuliko kufunga kamba kunavyochukua.

"Mama," alisema Nuhu.

"Usinililie. Miguu yako bado ina kazi. Safari hii utawabeba mwenyewe?"

Nuhu alitikisa kichwa. "Getini wamemwona Bonifasi na mama wa keria. Abebe Bonifasi." Kisha akasema, kwa taabu, "Tukivuka Kasulu nitabeba mimi."

"Haya. Na hutawaangusha."

"Siwaangushi, mama."

*

Bi Mwanne aliwatazama wakitoka akiwa amesimama kati ya vibanda, amejifunga kitenge cha Kaneza, kichwa wazi kwa mara ya kwanza mbele ya watu tangu alipovunja ungo. Mvua ilimchapa mvi. Safu ya baiskeli ilisogea getini. Dismasi alitoka na koti lake, akaanza kugusa mabega. Bonifasi alikuwa wa tano. Mzigo wake ulikuwa umeinamisha kichwa kama mtu mzima aliyechoka.

Ndipo mtoto akalia. Haikuwa sauti kubwa, hakuwa na nguvu hiyo, lakini Bi Mwanne aliisikia, au aliihisi tumboni, na mkono wa Dismasi ukasimama hewani.

Khamisi Mrisho alijua kila kitu. Nuhu alikuwa amemnong'oneza, na tangu hapo uso wake ulikuwa umepauka. Mtu huyu hakuwahi kumaliza hotuba yake hata moja mbele ya mtu aliyetaka kuisikiliza. Sasa aliinua ile bendera na kupaza sauti kana kwamba kambi yote ni uwanja. "Kasia hoyee! Mheshimiwa wa geti hoyee! Kwa niaba ya mashabiki wote wa Ujiji, Gungu, Katubuka na vitongoji vyake..." Faridi akagonga kengele ya baiskeli. Mwingine akagonga. Kengele zote ishirini zikalia kwa pamoja, na wanaume wazima wakaimba wimbo wa timu ambayo haikuwa imeshinda kitu, kwa sauti zilizopasuka, matope mdomoni. Dismasi aliziba masikio, akahesabu kwa kidole tu, haraka, akawapungia waende, waende.

Bonifasi alivuka geti akisukuma polepole. Debe halisemi. Bi Mwanne alisimama mpaka kijani cha bendera kikapotea kwenye mvua, na baada ya hapo akasimama zaidi, kwa sababu hakujua mahali pa kwenda.

"Ingia ndani, utaumwa," Ntakarutimana alimwambia. "Kilugha chetu unakijua?"

"Bibi mzaa mama alikuwa Muha, kilugha ni kilekile. Aliniachia matusi na salamu."

"Salamu zitatosha. Matusi yaweke."

*

Asubuhi walipanga foleni mbele ya mahindi. Dismasi alikuwa mwenyewe kwenye meza, na kijana wa kuchota pembeni yake. Alikuwa akiita majina bila kuinua macho; mtu akiitika, anasogea, anapokea, anaondoka.

"Kaneza."

"Karame," aliitika Bi Mwanne, kwa adabu, kama alivyofundishwa usiku, akasogea.

Kalamu ya Dismasi ilisimama. Ni ile sauti. Aliinua kichwa akamwona mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, mvi, hina ya zamani kwenye kucha, kitenge kisichomfika vizuri. Alimtambua, jana huyo huyo alimshika mkono wa koti na kumwita mwanangu. Alifungua mdomo. Alitazama upande wa geti, kisha barabara ya Kasulu, ambayo haikuwa na kitu ila madimbwi. Nyuma ya Bi Mwanne foleni ya watu mia kadhaa ilikuwa imeacha kupumua, na Ntakarutimana alikuwa ameshika kichwa cha mtoto wa mtu, amekikaza.

"Mwakeye," alisema Bi Mwanne.

Dismasi hakurudisha salamu. Alisogeza miwani. "Hapa imeandikwa," alisema, kwa sauti ndogo, "Kaneza ana miaka ishirini na mbili. Na amejifungua juzi juzi."

"Ndiyo, baba."

"Ishirini na mbili?"

Bi Mwanne alimtazama. Kwa maisha yake yote alikuwa na jibu kabla ya swali kwisha, na kila jibu lilikuwa na mtu wa kuumizwa nalo. Safari hii alikawia kidogo.

"Kambi yenu inazeesha, baba," alisema.

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, akajiziba mdomo. Dismasi aliendelea kumtazama muda mrefu, maji yakimdondoka kwenye ncha ya kofia. Kisha aliinamisha kichwa, akatia alama, na kumwambia kijana wa kuchota, bila kuangalia mtu:

"Mjazie. Ananyonyesha."